Tosha na Mkojo wa Usiku

Kalondu alikuwa mtu wa kulala kwa sikio moja. Lile la pili aliliacha mlangoni.

Mumewe, Mwangangi, alikuwa mlinzi wa usiku katika shule iliyo ng'ambo ya soko la Kanyangi. Mchana alikuwa na shamba lake na mizinga yake ya nyuki. Ikifika saa kumi na moja na nusu jioni, alivaa koti, akachukua rungu na tochi, akaenda kulinda mali ya watu. Mali yake mwenyewe, pamoja na mke, ilibaki bila mlinzi. Kalondu alipenda kumtania hivyo, naye Mwangangi alicheka. Hakujua kwamba mkewe hakuwa akitania sana.

Mwaka uliopita wezi waliingia zizini usiku, wakachukua mbuzi watatu. Kisha wakaja kuusukuma mlango wa nyumba. Binti yao, Mutindi, alikuwa shule ya bweni. Kalondu alikuwa peke yake. Aliingia chini ya kitanda akakaa huko mpaka kukapambazuka. Mlango haukufunguka, lakini tangu siku hiyo jua likianza kushuka, alianza kuutazama mlango. Saa kumi na mbili kamili alikuwa ameshafunga mlango na kukaza komeo. Hakuufungua tena mpaka mumewe arudi saa moja asubuhi.

Kaka yake anayekaa Matiliku alimhurumia. Alimletea mtoto wa mbwa, jike, mwenye rangi ya mchanga wa mtoni. Sikio lake moja lilisimama na jingine lililala. Kalondu alimwita Tosha.

Alimfundisha mwenyewe. Kila baada ya chakula alimtoa nje, akingoja amalize haja yake, kisha akampa kipande cha ugali na kumsifu. Alipofika miezi mitano, Tosha alikuwa akikwaruza mlango kwa ukucha akitaka kutoka. Ndani hakuacha hata tone. Jirani yake, Wavinya, alisema kuna wanaume pale sokoni hawajafika kiwango hicho.

Usiku Tosha alilala juu ya gunia karibu na mlango. Jani likianguka, yeye alibweka. Kalondu akaanza kupata usingizi tena, si wote, lakini wa kumtosha kuamka na nguvu.

Basi mwezi wa Septemba, Tosha akiwa na miezi kumi na moja, Kalondu aliamka asubuhi moja akakanyaga maji. Aliinama akanusa. Hayakuwa maji.

Gunia la Tosha lilikuwa limelowa. Mbwa mwenyewe alijibanza pembeni, mkia chini, masikio yote mawili yamelala. Kalondu alifuta sakafu haraka na kulitupa gunia juani nyuma ya nyumba. Mumewe aliporudi, alimkuta akipika chai kama kawaida. Hakumwambia neno.

Siku tatu baadaye ilitokea tena. Kisha kesho yake. Kalondu akawa anaamka kabla ya jogoo ili afiche gunia. Siku nzima hakutulia. Alifagia mahali alipokwisha kufagia. Alimtazama mbwa, akatazama jua, akahesabu saa zilizobaki kabla ya giza.

Lakini mkojo haufichiki kama deni. Asubuhi moja uliteremka na sakafu mpaka chini ya meza, ukalowesha gunia la ndengu. Hizo hazikuwa ndengu za kula. Zilikuwa mbegu, zimechaguliwa moja moja, zikingoja mvua ya Oktoba. Mwangangi alirudi kazini, akavua koti, akasimama katikati ya nyumba akinusa.

"Mama Mutindi, hii ni harufu gani?" aliuliza.

Kalondu akalazimika kusema. Mwangangi alimwaga mbegu juani, akaanza kuzitenga zilizolowa. Hakuwa mtu wa kelele, na hilo ndilo lililomtia Kalondu hofu zaidi. Alipomaliza, alisema kwamba Munyao, mwenye shamba la nyanya kule mtoni, anatafuta mbwa wa kufukuza tumbili wasile nyanya. Atakuja Jumapili baada ya kanisa amchukue Tosha.

Kalondu alilijua shamba la Munyao. Alikuwa ameona mbwa wa kwanza aliyefungwa pale kwa mnyororo, jua na mvua, mpaka akafa. Usiku ule hakulala kabisa. Alifikiria mnyororo wa Tosha, kisha akafikiria mlango wake usio na mbwa. Hakujua kipi kilimuumiza zaidi.

Asubuhi Wavinya alikuja na ushauri. Wavinya alikuwa na ushauri wa kila jambo, hata yale yasiyomhusu. Alisema mbwa huyo amekuwa na kiburi, na dawa ya kiburi ni kuusugua uso wake kwenye mkojo ili aone aibu. Tena asipewe maji kuanzia mchana. Atakojoa nini kama hajanywa?

Kwa Kalondu neno hilo la mwisho lilikuwa na maana. Kiangazi kilikuwa kikali. Maji yalichotwa kwenye visima vya mchangani, mwendo wa saa nzima na punda, na kila mtungi ulikuwa na kazi yake. Kumnyima mbwa maji kulionekana kuwa faida mara mbili. Uso hakumsugua, hakuwa na moyo huo. Lakini bakuli la maji alilificha.

Mambo yalizidi kuwa mabaya. Tosha alikunywa maji ya sabuni yaliyooshewa vyombo. Mchana alichuchumaa kila hatua chache, akitoa matone mawili, akijilamba huku akilia kidogo. Usiku alizunguka ndani bila kutulia, na asubuhi gunia lilikuwa limelowa vile vile. Sasa harufu ilikuwa kali, na Kalondu aliona alama ya wekundu kwenye gunia.

Wekundu ule ulimwamsha. Kiburi hakitoi damu. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi, siku ambayo daktari wa mifugo hufika ofisi ndogo iliyo karibu na soko. Alimfunga Tosha kamba shingoni, akaenda.

Daktari alikuwa mwanamke kijana aliyejifunga mtandio kichwani. Jina lake Ilham. Familia yake ilitoka pwani zamani, babu yake akafungua duka Kitui mjini, nao wakabaki. Kalondu alisita mlangoni. Alikuwa amezoea kusikia kwamba Waislamu hawagusi mbwa. Ilham aliona macho yake, akatabasamu, akavaa glavu.

"Ingia tu, mwaitu," alisema. Alimwita mama kwa Kikamba kizuri kabisa. "Nitanawa nikimaliza. Kazi ni kazi, na mgonjwa ni mgonjwa."

Alimpandisha Tosha mezani, akamminya tumbo taratibu. Alipofika chini karibu na miguu ya nyuma, mbwa alishtuka na kulia. Ilham akaanza maswali. Mbwa ana umri gani? Amefungwa uzazi? Alianza lini kukojoa ndani? Anakojoa akiwa amelala au anaamka? Mchana yukoje? Anakunywa maji kiasi gani?

Kalondu alijibu yote mpaka alipofika kwenye maji. Hapo sauti ilipungua. Alisema alikuwa amemnyima kuanzia mchana.

"Nani alikwambia ufanye hivyo?"

"Jirani. Nikaona ni kweli. Asipokunywa, atakojoa nini?"

Ilham hakumgombeza. Alimweleza polepole. Mbwa aliyefundishwa vizuri hasahau kwa usiku mmoja. Akianza kukojoa ndani ghafla, mara nyingi mwili wake unaomba msaada. Inaweza kuwa vijidudu kwenye kibofu. Inaweza kuwa mawe ndani ya kibofu, au figo, au ugonjwa wa sukari. Wengine huanza kuvuja wakilala baada ya kufungwa uzazi. Kwa kumtazama tu huwezi kujua, ni lazima upime. Na kumnyima maji ni kumuumiza, kwa sababu maji ndiyo yanayosafisha kibofu. Mkojo ukiwa mchache na mzito, vijidudu hufurahi.

"Kwetu tunafundishwa kwamba ukimpa maji mbwa mwenye kiu, una thawabu," alisema. "Kwa hiyo leo anza na bakuli. Mwachie maji siku nzima, lakini umpimie kwa kikombe, ujue amekunywa vingapi. Kesho asubuhi kinga mkojo wake wa kwanza uniletee ndani ya chupa safi. Kesho niko hapa tena."

Kalondu alirudi na kazi mbili. Ya maji ilikuwa rahisi. Ya mkojo ilikuwa sinema. Asubuhi ya Ijumaa alimfuata Tosha uani akiwa na upawa wa kuchotea supu. Tosha akichuchumaa, Kalondu alisogeza upawa. Tosha akiuona upawa, alisimama akidhani ni chakula. Walizunguka mti wa uani mara tano. Wavinya alisimama kwenye ua, mkono mdomoni, akishindwa kuamua kama acheke au aombe. Mara ya sita Kalondu alifaulu.

Sasa chupa. Ndani ya nyumba ya mfuga nyuki, chupa hazikosi. Alichukua moja iliyokuwa imemalizwa wiki iliyopita. Mtungi wa mwisho wa maji ulikuwa umebaki nusu, na punda aliyepelekwa kisimani hakuwa amerudi, kwa hiyo aliifuta chupa kwa kitambaa mpaka ikang'aa. Akamimina mkojo, akafunga kifuniko, akaondoka na Tosha.

Ilham alitumbukiza kijiti chembamba cha kupimia, chenye vipande vya rangi. Akangoja. Kipande kimoja kilionyesha damu. Kingine kilionyesha kwamba mwili unapigana na vijidudu. Cha tatu kikageuka rangi upesi mpaka kikafika mwisho kabisa. Ilham aliacha kutabasamu.

Kalondu aliuliza ni nini. Daktari alisema kijiti kinaonyesha sukari, tena nyingi. Kama ni kweli, mbwa atahitaji sindano kila siku, asubuhi na jioni, maisha yake yote, na dawa ya kuwekwa mahali penye baridi.

Kalondu alikaa kwenye benchi. Nyumbani hakukuwa na friji. Hata ingekuwapo, Mwangangi asingekubali sindano mbili kwa siku kwa mbwa. Alimtazama Tosha, ambaye alikuwa amelaza kichwa juu ya kiatu chake, na akaona Jumapili imeshafika. Machozi yalimtoka, naye hakuyafuta.

Lakini Ilham hakuwa ameridhika. Aliuliza mbwa alikunywa vikombe vingapi tangu jana. Vitatu, Kalondu alijibu. Daktari akatikisa kichwa. Mbwa wa ukubwa ule mwenye sukari angekunywa sita, saba, na bado angetafuta. Tena huwa wanakonda, na huyu mbavu zake hazionekani. Aliinua chupa, akaitazama kwenye mwanga wa dirisha.

"Mwaitu, hii chupa ilikuwa ya nini?"

Kalondu aliitazama chupa. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayetubu, "Ya asali."

"Uliiosha?"

"Niliifuta na kitambaa. Maji yalikuwa kidogo."

Ilham aliweka chupa chini, akacheka mpaka akashika meza. Kalondu hakuelewa mara moja. Alipoelewa, alicheka na kulia pamoja. Kijiti kilikuwa kimepima asali ya Mwangangi.

Tosha alipewa maji, wakamtembeza nyuma ya ofisi. Baada ya muda walikinga mkojo mpya kwa kikopo safi cha daktari. Safari hii damu ilikuwapo na dalili za vijidudu zilikuwapo. Sukari haikuwapo hata kidogo.

"Basi tutibu kibofu," Ilham alisema. "Asipopona vizuri, tutampiga picha tuone kama kuna mawe. Lakini nina swali moja limebaki. Usiku unafunga mlango saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili."

"Na unafungua?"

"Baba Mutindi akirudi. Saa moja."

Ilham alihesabu kwa vidole. Saa kumi na tatu. Alisema mbwa mzima huenda akavumilia usiku mrefu, lakini kubana mkojo saa nyingi hivyo kila siku kunampa vijidudu nafasi. Jike hupata taabu hii zaidi kuliko dume. Na sasa akiwa mgonjwa, hata saa nne ni nyingi. Akauliza kama Tosha huwa haombi kutoka.

Swali hilo lilimchoma Kalondu. Alikumbuka ukucha ukikwaruza mlango. Alikumbuka sauti ndogo ya kulia, usiku baada ya usiku, tangu Agosti. Alikuwa ameisikia. Alikuwa amevuta blanketi mpaka kichwani, akijiambia kwamba huenda Tosha amesikia wezi, na mtu hafungulii wezi.

"Anaomba," alisema. "Ni mimi siwezi kufungua. Naogopa."

Daktari hakusema kwamba woga ni upuuzi. Alimpa vidonge vya siku kumi, kimoja asubuhi na kimoja jioni, pamoja na chakula. Alimkataza kuacha katikati hata mbwa akionekana amepona, maana vijidudu vilivyobaki hurudi vikiwa sugu. Alimkataza kutumia dawa ya watu au sindano ya mbuzi kwa kukisia. Kisha akasema dawa pekee haitoshi. Tosha atolewe nje kabla ya watu kulala, na akiomba usiku, afunguliwe. Mlango ni sehemu ya matibabu.

Ijumaa usiku, Kalondu alisimama mbele ya komeo saa tatu. Tosha alisubiri. Alifungua kidogo, mbwa akatoka, naye akabaki ameshika mlango kwa mikono miwili, akihesabu. Alipofika hamsini, Tosha alirudi. Ilikuwa dakika moja tu, lakini jasho lilimtoka. Saa nane ukucha ukakwaruza tena, akafungua tena. Jumamosi vivyo hivyo. Hata hivyo asubuhi ya Jumapili gunia lilikuwa na doa. Lilikuwa dogo kama kiganja, lakini lilikuwa doa.

Baada ya kanisa Munyao alikuja, mnyororo begani. Mwangangi alimkaribisha kiti. Kalondu alitoka jikoni, akasimama kati ya mgeni na mbwa. Hakuwa na tabia ya kusema mbele ya wageni.

"Baba Mutindi, hii mbwa haina makosa," alisema. "Ni mgonjwa, na mimi nilisaidia kuifanya mgonjwa. Kila usiku iliniomba mlango. Nilisikia, nikakataa kufungua, kwa sababu nikiwa peke yangu naogopa mpaka siwezi kushuka kitandani. Nilikwambia nalala vizuri. Nilikudanganya."

Munyao alitazama viatu vyake. Mwangangi alimtazama mkewe. Mwaka mzima alikuwa amelinda madirisha ya shule, akiamini nyumbani kuna amani. Aliuliza kwa sauti ya chini kwa nini hakumwambia. Kalondu alisema aliogopa mumewe ataacha kazi, na karo ya Mutindi itatoka wapi.

Mwangangi akamgeukia Munyao. "Dawa ni ya siku kumi," alisema. "Mbwa haiendi. Hata ikipona haiendi. Nisamehe kwa kukusumbua."

Munyao alikunywa chai, akaondoka na mnyororo wake. Jumatatu Mwangangi alinunua taa ya sola, akaifunga juu ya mlango ili uani pawe na mwanga. Alizungumza na mwenzake wa zamu, wakakubaliana amshikie lindo kidogo kila saa nne usiku ili yeye apige simu nyumbani. Mbegu za ndengu ziliwekwa juu ya mbao, mbali na sakafu. Gunia la Tosha lilifuliwa kwa sabuni na kuanikwa juani.

Siku ya tano gunia lilikuwa kavu. Siku ya sita pia. Wavinya alikuja kuomba vidonge vilivyobaki, kwani mbwa wake alikuwa akikohoa, na wa Kalondu si amepona? Kalondu alikataa. Alimweleza kwamba dawa ya kibofu si ya kikohozi, na ya siku kumi humezwa siku kumi. Wavinya alinuna kidogo, kisha Alhamisi akaonekana akielekea ofisi ya mifugo, mbwa wake nyuma. Tosha alipimwa tena dawa ilipokwisha, kwa chupa iliyooshwa kwa maji ya moto mara mbili. Mkojo ulikuwa safi.

Mvua ilikuja mwishoni mwa Oktoba. Usiku mmoja Mwangangi alikuwa mapumzikoni, amelala. Aliamshwa na baridi. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Alitoka na tochi, akamkuta mkewe amesimama uani, nje ya mwanga wa taa, kitenge mabegani, matope mpaka kwenye vifundo. Tosha alikuwa gizani kidogo mbele, akichagua mahali.

"Mama Mutindi," alisema, "kumbe siku hizi huogopi?"

"Naogopa sana," Kalondu alijibu bila kugeuka. "Lakini mbwa atabana mkojo mpaka nimalize kuogopa?"